Maswali ya Wasomaji: Kwani hii pampu ni yangu peke yangu?

Mwezi huu barua za pesa za ploti na mtaa zimeshinda za mapenzi, sijui ni joto ama ni maisha tu yamebana. Nimechagua nne. Majina nimeyaweka kando, mitaa nimeiacha.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nakaa Bamburi kwenye jengo la fleti 12, kila mtu alinunua yake. Yangu ni ya chini na hapo hapo naoka keki na mikate ya oda, kwa hivyo maji yakikatika siku moja tu mie nimefunga kazi. Maji ya mfereji huja kwa zamu, twategemea kisima cha jengo na pampu ya stima. Pampu ikiungua mimi ndo hutafuta fundi, mimi ndo hulipa, alafu naandika kwa grupu ya WhatsApp jamani tuchangieni, wawili watatu watatuma, waliobaki wanaweka kidole gumba na kunyamaza. Mara ya mwisho mota ilikula 38,000 nikarudishiwa 9,500. Taa za geti na mshahara wa askari wa usiku mambo ni yale yale. Kuna mwenye fleti yuko Jeddah, kwake kumefungwa, asema yeye hatumii chochote kwa hivyo halipi. Kuna mwengine yake ameigeuza ya wageni wa siku mbili tatu, hao huoga asubuhi, mchana, jioni. Kuna mzee wa pensheni ghorofa ya tatu, huyo hata kumdai naona haya. Nikisema kitu nambiwa si wewe ndo watumia sana, na biashara unayo. Mume wangu ashachoka, asema pampu ikiungua tena niiache hivyo hivyo mpaka kila mtu aone. Mwalimu mie ni mjinga ama vipi?
Mwenye Tanuri, Bamburi

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjinga si mjinga, ila washakujua. Pampu ikifa leo saa kumi na mbili asubuhi nani ataumia kwanza? Wewe, unga ushaukanda na oda ya watu ni ya saa sita. Mzee wa juu ana mapipa yake, yule wa wageni atanunua mitungi ya mkokoteni siku mbili na hatasikia uchungu manake ataitia kwa bei ya chumba, wa Jeddah hata habari hatakuwa nayo. Na wote wajua kabla ya adhuhuri utakuwa ushampigia fundi. Hawakukaa kikao wakakupangia, kila mmoja akipiga hesabu kivyake anaona akitoa pampu itatengenezwa, asipotoa pampu itatengenezwa, sasa atoe ya nini? Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, wahenga walishamaliza.

Mambo haya yalichunguzwa zamani, na walioyachunguza hawakuangalia maploti, waliangalia majeshi. 1966 wachumi wawili wa Marekani, Mancur Olson na Richard Zeckhauser, waliuchukua ule muungano wa kijeshi wa NATO wakaona mwanachama mkubwa hubeba zaidi ya fungu lake na wadogo hubeba pungufu, yaani ule unyonyaji tuliozoea kuusikia umegeuka, hapa mdogo ndo humnyonya mkubwa. Sababu yao ni hiyo hiyo ya pampu yako: mkubwa ana mengi ya kupoteza, atalipa hata akiwa peke yake, na akishalipa mdogo ashapata ulinzi wa kumtosha bila kutia mkono mfukoni. Iceland ni mwanachama tangu muungano unaanza 1949 na jeshi haina. 2014 kule Wales waliahidiana kila nchi ifikishe asilimia 2 ya pato lake kwa ulinzi, na mwaka huo waliokuwa wamefikisha ni 3 tu kati ya 28. Kufika 2024 NATO wenyewe walikadiria ni 23 kati ya 32, na 2025 wakakubaliana kule The Hague lengo lipande mpaka asilimia 5 ifikapo 2035. Marekani ililalamika miaka na miaka, marais wa vyama vyote viwili, lakini nionavyo mimi lililowafungua watu pochi si makelele, ni vifaru vya Urusi kuingia Ukraine Februari 2022. Yaani pampu iliungua wakiiona.

Lakini ngoja, kuna upande wa pili ambao wewe hutaupenda. Utasikia Marekani peke yake hutoa karibu thuluthi mbili ya pesa zote za ulinzi za wanachama wa NATO. Ni kweli, ila hapo wamehesabu jeshi lake lote, pamoja na manuari zilizoko Pasifiki zikiiangalia China, ambazo Ubelgiji haikuziomba. Ukija kwenye bajeti ya pamoja, ile ya makao makuu na mitambo wanayoimiliki kwa shirika, Marekani ilitoa kama asilimia 16 mwaka 2024, sawa na Ujerumani. Sasa rudi Bamburi. Wewe wasema umelipia pampu ya jengo, majirani wasema umelipia pampu ya tanuri lako, na hapo kila upande una kipande chake cha ukweli. Maji ya kukandia unga na kuoshea masinia hayo si mzigo wa jengo mwanangu, ni gharama ya biashara, yatie kwenye bei ya keki.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kutenganisha. Maji ya kisima mtu aweza kufungiwa, basi wekeni mita ndogo kwa kila fleti, kila mwezi mtu alipe yuniti zake, na kwa kila yuniti muongeze kidogo iwe akiba ya pampu. Wewe utalipa nyingi kushinda wote, wa wageni atakufuata, wa Jeddah atalipa sufuri na kwa maji atakuwa na haki. Mkimaliza hapo ugomvi umepungua nusu, limebaki fungu gumu: taa za geti, askari, usafi wa ngazi, gari la kunyonya shimo la choo. Hapa kumfungia mtu hakuwezekani. Taa ya geti ikiwaka imewaka, haijui nani alituma M-Pesa na nani aliweka kidole gumba.

Na hapa ndo wa Jeddah asikuponyoke. Asema hayupo hatumii? Mwambie nyumba iliyofungwa, na friji na makochi yako ndani, ndo inayohitaji askari kushinda zote, nyinyi mliopo mna macho yenu. Juu ya hapo kama jengo lenu limesajiliwa chini ya sheria ya Sectional Properties ya 2020, kila fleti ina fungu lake limeandikwa, na michango ya shirika la wenye fleti hugawanywa kwa mafungu hayo, haiangalii nani yuko nani hayuko wala nani ana kelele kwenye grupu. Wengi hupenda ile ya kila mtu atoe sawa manake ni rahisi kuhesabu, na fleti zikiwa zafanana sina neno nayo. Lakini mwenye vyumba vinne vya kuangalia bahari na mwenye kimoja cha nyuma mkiwatoza sawa, wa nyuma atasukuma miezi miwili ya tatu ashindwe, na akishashindwa yeye wale waliokuwa nazo wamepata kisingizio cha kusimama.

Yule mzee usimuonee haya, mpe kazi. Yuko nyumbani mchana kutwa, ashike daftari, asome mita, amsimamie fundi asiuze waya wa zamani. Na pensheni yake atoe anachoweza.

Sasa hii ya kutegea. 2000 wachumi Ernst Fehr na Simon Gächter walichapisha jaribio lao: watu wanapewa pesa, wanachangia kapu la pamoja, kapu linaongezwa na kugawiwa wote sawa, aliyetoa na asiyetoa. Raundi za mwanzo watu hutoa vizuri, alafu wakiona kuna wanaokula bure wanapunguza, wanapunguza, mpaka mwisho kapu karibu halina kitu. Waliporuhusiwa kumkata hela mtegeaji, hata kwa kujigharimu wenyewe, michango ikapanda. Angalia hapo vizuri, wengi hawakuanza na nia ya kutegea, waligeuka baada ya kuona wenzao. Kwa hivyo orodha ya nani katoa iwe wazi kila mwezi, na adhabu ianze ndogo, wa kuchelewa mwezi mmoja anatajwa, wa miezi mitatu anaongezewa kitu, na yote yakubaliwe kwenye kikao kabla, yasitoke kwako wewe saa tano usiku umekasirika. Manake jaribio kama hilo lilifanywa kwa miji mingi ya dunia, matokeo yakatoka 2008, na kwa baadhi yake, zikiwemo Athens na Muscat, watu walikuwa wakiwaadhibu hata waliotoa kingi! Yule wa kukwambia biashara unayo naye ni wa kundi hilo.

Tuje kwa mumeo. Mgomo wake una maana, lakini akiufanya vile asemavyo utaumia wewe kwanza, siku ya pili utamwita fundi kwa siri, na hapo utakuwa umewathibitishia majirani kila walichokuwa wakikifikiria. Nunua kwanza tangi lako la akiba, lita 1,000 au 2,000, lijae. Alafu tangaza mapema, kwa maandishi, kwamba kuanzia tarehe fulani pampu itatengenezwa kwa pesa za daftari tu. Wakijua waweza kungoja siku tatu nne, hesabu zao zitabadilika hata kabla pampu haijaungua. Na lile deni la mota, 28,500 ukitoa fungu lako mwenyewe, usilifufue siku ya kikao, mtashinda mkibishana ya nyuma mpaka magharibi na mpango mpya hautaguswa. Lidai kando, mmoja mmoja, anza na wa wageni.

SWALI: Salaam aleikum Mwalimu. Nimestaafu, nilifanya kazi melini miaka mingi. Wakati wa maharamia wa Kisomali nakumbuka manuari za kila bendera zikileta washukiwa hapa Mombasa, kesi hapa, jela hapa kwetu Shimo la Tewa. Meli zenyewe nyingi si zetu na mizigo si yetu. Kwa nini tulibebeshwa sisi? Ama tulilipwa tukanyamaza?
Baharia Mstaafu, Shanzu

JIBU: Waaleikum salaam mzee wangu. Kumbukumbu yako iko sawa, na ilianza hata kabla ya ile fujo kubwa, 2006 korti ya Mombasa iliwahukumu Wasomali 10 miaka 7 kila mmoja, walikuwa wamekamatwa na jeshi la majini la Marekani. Alafu 2008 mambo yakachacha Ghuba ya Aden. Desemba mwaka huo Umoja wa Ulaya ukaanzisha doria ya Atalanta, NATO ikaleta yake, China na India nazo zikatuma manuari, kila mwenye bendera akataka ionekane. Na doria ni kitu cha wote kweli kweli, manuari ikishasafisha njia hata jahazi la tende lapita kwa amani na halijatoa senti.

Lakini angalia mzigo uligawanyika vipi. Kufukuza maharamia kuna picha nzuri za televisheni. Kuwashtaki hakuna picha: wataka mashahidi ambao ni mabaharia na wewe wajua baharia leo yuko hapa kesho yuko Santos, wataka wakalimani, mawakili, kitanda cha jela miaka na miaka, na mwisho kuna swali la mtu akimaliza kifungo apelekwe wapi. Hiyo sehemu wengi waliikimbia, kuna manuari zilikamata watu zikawanyang'anya bunduki na ngazi zao zikawaachilia warudi pwani. Kenya ndo ikatia sahihi na Uingereza, na Marekani, na Machi 2009 na Umoja wa Ulaya, washukiwa zaidi ya 100 wakaletwa.

Aprili 2010 serikali ikasema basi, tumechoka, na wengine wabebe. Hilo neno halikwenda bure. Juni mwaka huo huo ikafunguliwa korti mpya hapo hapo Shimo la Tewa kwa pesa za wafadhili kupitia ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na dawa za kulevya na uhalifu, jela ikarekebishwa, na Seychelles nayo ikawa inapokea kesi. Katikati ya hayo Novemba 2010 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema korti zetu hazina mamlaka juu ya makosa ya bahari kuu, Mahakama ya Rufaa ikaipindua Oktoba 2012.

Kwa hivyo kulipwa tulilipwa, ila kwa majengo na mafunzo, na baada ya kulalamika. Na tuseme kweli mzee, tulikuwa na chetu cha kulinda. Bandari hii ndo mlango wa Uganda na Rwanda na wengine wa bara, bima ya meli ikipanda sisi ndo twanunua mchele ghali. Tulikuwa na haja kubwa na tulikuwa karibu, na mwenye haja kubwa aliye karibu ndo huangukiwa, muulize yule mama wa Bamburi hapo juu. Mimi naona Kenya ilicheza vizuri pale Aprili, japo kuna waliotuita vigeugeu.

Aliyebebeshwa bila hata kuulizwa ni baharia mwenzako. Meli ya Iceberg 1 ilitekwa Machi 2010, na mabaharia waliosalia walikuja kuokolewa Desemba 2012. Hiyo haimo kwenye jedwali la asilimia la nchi yoyote.

SWALI: Mwalimu, rafiki yangu ana Probox. Kila tukivuka feri ya Likoni anambia sisi wa miguu twavushwa kwa pesa yake, manake yeye alipa na sisi twapita bure. Nimjibu nini?
Wa Miguu, Mtongwe

JIBU: Mwambie ashuke aangalie hiyo Probox imechukua nafasi ya watu wangapi hapo waliposimama wamebanana na vikapu. Alafu ada ya magari peke yake haiendeshi feri, serikali hutia mkono, na mkono wa serikali una pesa yako ndani, ukinunua sabuni ya kufulia ushalipa VAT ya asilimia 16 na hakuna aliyekushukuru. Tena yeye siku hizi akichoka foleni ana barabara ya Dongo Kundu ya kuzungukia, wewe wa miguu ukikataa feri utapita wapi, utaogelea? Na wenye maduka na mahoteli kisiwani wanaofunguliwa milango saa moja asubuhi na vibarua wa Likoni, wao wanakula faida ya kivuko cha bure kushinda wewe, ila hao hakuna anayewasema.

Akiendelea kubisha mpeleke ufuoni. Kila lita ya petroli ina ushuru wa matengenezo ya barabara, shilingi 25 tangu Julai 2024, na mvuvi akijaza injini ya mashua yake aulipa vile vile. Mashua haijawahi kupanda lami hata siku moja. Muulize hapo nani anamvusha nani.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni vijana wa Kisauni, kila mwisho wa mwezi twazibua mitaro ya mtaa, matope mpaka magotini. Wenye nyumba kubwa hawatoki, watuletea kreti ya soda, wapiga picha, warudi ndani. Na mbu bado wako, ile homa ya viungo hairuki mwaka. Twataka kugoma mpaka wenye nazo nao watoke washike koleo. Si ni haki?
Kikosi cha Mtaro, Kisauni

JIBU: Marahaba wanangu, Mungu awape nguvu. Haki mnayo, lakini kabla hamjagoma nataka mjue mnapigana na mbu gani. Yule wa maji machafu ya mtaro ni Culex, huuma usiku, na hapa pwani ni mmoja wa wanaosambaza matende, kwa hivyo kazi yenu si bure, na mvua za masika zikija mtaa utajua. Ila hiyo homa ya viungo, ikiwa ni chikungunya iliyotutandika Mombasa mwisho wa 2017 ikaingia 2018, ama dengi, mbu wake ni mwengine, Aedes aegypti, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, na mtaro wala hautaki. Ataka maji safi yaliyotulia. Pipa la uani, tangi la paani lisilo na mfuniko, gurudumu kuukuu, kopo la maua. Mayai huyabandika kwenye kuta za pipa juu kidogo ya maji, yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, siku ukijaza tena yanaangua. Kumwaga maji tu hakutoshi, lazima kusugua. Na kwa vile maji yetu ni ya mgao, hakuna nyumba isiyokuwa na pipa. Nyinyi mko mtaroni na kiwanda cha homa kiko ndani ya nyua za watu.

Na hapa hesabu inageuka kabisa na ile ya Bamburi. Pampu mtu mmoja mwenye haja na pesa aweza kuitengeneza wote wakafaidi. Mbu hapana, nyumba 39 zikifunika mapipa na ya 40 isifunike, mtaa una homa. Mchumi mmoja Jack Hirshleifer aliandika 1983 kwamba kuna mali za wote ambazo kiwango chake huwekwa na yule aliyetoa kidogo kushinda wote, na penye mali kama hiyo mwenye nguvu hana budi kumsaidia dhaifu, hata kama ni mchoyo, manake bila huyo dhaifu yeye pia hana kitu. Ndui ilimalizwa hivyo. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Merka, Somalia, Oktoba 1977, pwani yetu hii hii ukipanda kaskazini, na 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza imekwisha. Kazi nzima ilikula kama dola milioni 300, na pesa nyingi zilitoka kwa nchi zenyewe zilizokuwa na ugonjwa, ambazo ndo zilikuwa maskini. Nchi tajiri zilitoa fungu dogo, na faida zikala kubwa, hawachanji tena watoto, hawakagui tena vyeti vya ndui bandarini. Mpaka leo mimi naona kwa hesabu hiyo sisi ndo tuliwachangia wao.

Kwa hivyo mgomo wa koleo hautawasaidia. Wale wa nyumba kubwa hata wakitoka watashika koleo dakika kumi na kuwachelewesha. Waambieni soda basi, leteni mifuniko, wavu wa kufunika mapipa na brashi za kusugulia. Tembeeni nyumba kwa nyumba muandike nani hana mfuniko, na muanze na wasioweza kununua, yule nyanya mwenye mapipa matatu na wajukuu, wapangaji wa vyumba ambao landilodi hajali. Msiingie uani kwa watu vijana watupu, kila kikosi kiwe na mama mmoja wa mtaa, la sivyo nyumba ya pili tu mtafukuzwa. Na isiwe mwisho wa mwezi, yai mpaka likawa mbu wa kuruka ni kama wiki moja mpaka siku kumi, mkipita mara moja kwa mwezi yeye ashazaa na wanawe washazaa. Kila Jumamosi, dakika chache kwa nyumba.

Mkianza, anzeni kwa tangi la paani la huyo mwenye kreti ya soda. Ngazi awashikie yeye mwenyewe.